Kubana matumizi Walt Disney World: uzoefu wa familia ya watu sita

Kwa mzazi anayejiuliza kama familia ya kipato cha kawaida inaweza kwenda Walt Disney World, Florida, na kurudi nyumbani bila deni kwenye kadi ya benki, jibu langu ni kwamba inawezekana, ila nafuu haipatikani pale ambapo wengi wetu huanza kuitafuta, yaani kwenye tiketi. Tiketi hubanika kidogo sana. Kinachobanika kweli ni tarehe ya kwenda, mahali pa kulala, chakula, na yale malipo ya kuruka foleni ambayo hukujia kwenye simu asubuhi kabla hujanywa chai. Ninaandika kama mzazi Mtanzania anayeishi karibu na Atlanta, katika jimbo la Georgia, niliyekwenda huko na mke wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga.

Tumalizane kwanza na tiketi. Disney World ina bustani kuu nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Bei ya tiketi ya siku moja hutegemea tarehe na bustani. Kwa mwaka 2025 ilianzia dola 119 kwa mtu mzima na kukaribia dola 200 katika kipindi cha Krismasi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwenye hesabu, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kiasi kidogo kisichostahili kuitwa punguzo, na akifika miaka 10 anahesabiwa mtu mzima, hata kama bado anaogopa giza. Wazee hawapunguziwi chochote. Mama mkwe wangu, aliyezoea umri kuheshimiwa, alilipiwa sawa na mimi. Wanaopata nafuu ya maana ni wakazi wa Florida wenye kuthibitisha makazi yao, na wanajeshi wa Marekani.

Kwa sisi tusio wakazi wala wanajeshi, tulichoweza kufanya ni kwenda kabla kitinda mimba wetu hajatimiza miaka 3, kuchagua tiketi ya siku kadhaa kwa sababu wastani wa bei ya siku hushuka kadiri siku zinavyoongezeka, na kununua kwa wakala aliyeidhinishwa, kama Undercover Tourist, ambaye huuza chini kidogo ya bei ya langoni. Kibali cha ziada cha kuhama kutoka bustani moja kwenda nyingine siku hiyohiyo, kiitwacho Park Hopper, tulikikataa bila majuto, kwa sababu familia yenye mtoto mdogo na bibi haimalizi hata bustani moja kabla jua halijatua. Wenye kadi ya duka la Target hupata pia punguzo la asilimia 5 wanaponunua kadi za zawadi za Disney, na kadi hizo hulipia tiketi, chakula na chumba. Jambo la kukaa nalo mbali ni vibanda vya kandokando ya barabara ya US-192 vinavyotangaza tiketi za bei ya kutupa. Baadhi yake hukudai kwanza ukae saa mbili ukisikiliza mauzo ya nyumba za likizo, na tiketi iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine haitakufaa, kwa kuwa tiketi haihamishiki na mashine ya langoni husoma kidole cha aliyeitumia kwanza.

Tarehe nayo ilitufaa sana. Wiki ya Krismasi na mwaka mpya, likizo za Machi na Aprili, na siku za Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwezi Novemba, ndizo zenye bei za juu na misongamano mikubwa. Mwishoni mwa Agosti na katika Septemba shule za Florida zinakuwa zimefunguliwa, joto bado ni kali, na bei za vyumba na tiketi huteremka. Wilaya kadhaa za shule za Georgia zina mapumziko mafupi mwezi Septemba au Oktoba, na sisi tulikwenda katika mapumziko hayo. Ubaya wake ni kwamba hicho ndicho kipindi cha vimbunga, ambacho rasmi huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30. Oktoba 2024 kimbunga Milton kiliifanya Disney World ifunge milango yake. Aliyelipia chumba na tiketi kwa Disney moja kwa moja anaruhusiwa kuahirisha au kufuta safari bila faini ya Disney iwapo tahadhari rasmi ya kimbunga imetolewa kwa eneo la Orlando, iliko Disney World, au la nyumbani kwake ndani ya siku 7 kabla ya kufika. Aliyekodi nyumba ya mtu binafsi anabaki na masharti ya mwenye nyumba, kwa hiyo ayasome kabla ya kulipa.

Kuna jambo jingine la tarehe ambalo halitangazwi sana. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, katika usiku fulani wa wiki, Magic Kingdom huwa na sherehe ya Halloween yenye tiketi yake, na wageni wa kawaida hutakiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni. Watu wengi huikwepa siku hiyo kwa kuwa watakosa fataki. Sisi tuliichagua kwa makusudi. Mtoto wa miaka miwili hazingoji fataki hata hivyo, foleni za mchana zilikuwa fupi kuliko siku nyingine, na bei ya tiketi ya tarehe hizo mara nyingi huwa ya chini.

Kuhusu malazi, wenye familia ya watu wanne wanaweza kutazama hoteli za bei nafuu za Disney yenyewe, kama All-Star Movies au Pop Century, ambazo zina basi la bure kwenda bustani zote, maegesho ya bure hotelini na hata kwenye bustani, na ruhusa ya kuingia dakika 30 kabla ya wengine. Familia ya watu sita haitoshi katika chumba cha kawaida cha hoteli hizo. Hukodi vyumba viwili au chumba kikubwa cha familia, na hapo unafuu huyeyuka. Tulikodi nyumba Kissimmee, mji jirani na Disney World, yenye jiko na mashine ya kufulia. Bei ya usiku ilikuwa nzuri, lakini juu yake kulikuwa na ada ya usafi, na kodi za jimbo na za kaunti ya Osceola, uliko mji huo, ambazo kwa malazi hufika asilimia 13.5. Tangu Mei 2025 sheria ya shirikisho inawataka wenye malazi waonyeshe ada zote za lazima katika bei ya mwanzo, na hilo limesaidia. Za hiari bado zinajitegemea: mwenye nyumba yetu alitutumia ankara ya kupasha joto bwawa la kuogelea, Florida, mwezi Septemba, wakati maji yalikuwa tayari ya uvuguvugu kwa jua lenyewe. Tulikataa kwa adabu.

Anayelala nje ya Disney aongeze pia maegesho, ambayo ni kama dola 30 kwa siku au zaidi, ingawa malipo ya asubuhi hutosha kwa bustani zote siku hiyo. Kwa wanaotoka Georgia kwa gari, kifaa cha Peach Pass hukubaliwa kwenye barabara za tozo za Florida, na bei yake ni ndogo kuliko ya kupigwa picha namba ya gari na kuletewa ankara nyumbani.

Chakula ndicho kilichoturudishia fedha nyingi kuliko vyote. Watu wengi hawajui kwamba Disney World inaruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo na kilevi, mradi hakuna chombo cha kioo, wala barafu iliyomwagwa ovyo kwenye mfuko. Pakiti za jeli za kugandisha zinakubaliwa. Mlo mmoja wa kaunta ya kawaida kwa mtu mzima hupita dola 13 kwa urahisi, nasi tulihitaji pia nyama ya halali, ambayo tuliinunua katika duka la Waislamu mjini Orlando. Usiku mke wangu na mama yake walikanda unga, na asubuhi tuliondoka na chapati zilizoviringishwa na mayai na kuku, kila moja katika karatasi yake ya foili, pamoja na korosho na maembe yaliyokatwa. Kachumbari tuliiacha nyumbani, kwa kuwa ifikapo saa sita mchana hutoa maji na kuifanya chapati iwe uji. Mlinzi wa langoni alifungua mfuko, akaibonyeza foili moja kwa kidole, akauliza ni nini, akatupitisha. Jioni tulinunua mlo mmoja ndani ili watoto nao wapate ladha ya mahali.

Maji hayana haja ya kununuliwa. Kaunta yoyote yenye mashine ya vinywaji hutoa kikombe cha maji ya barafu bure kwa anayeomba, hata kama hajanunua kitu. Maji ya Florida yana harufu ya salfa kwa mbali, na hapo ndipo ndimu za mama mkwe zilipopata kazi. Katika kila bustani kuna pia kituo cha kuhudumia watoto wachanga chenye kiyoyozi, viti vya kunyonyeshea na mahali pa kupasha chakula cha mtoto, na hakina malipo. Tulikitumia kama sebule.

Sasa foleni. Zamani Disney World ilikuwa na mfumo wa bure wa kuweka nafasi katika michezo ya kupanda. Ulisitishwa wakati wa korona, na mwaka 2021 mahali pake pakachukuliwa na huduma ya kulipia, ambayo tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Bei yake hubadilika kwa siku na bustani, na siku za msongamano Magic Kingdom hupita dola 40 kwa mtu. Zidisha kwa walipaji watano, kisha kwa siku zote, utaona kwamba huduma hii peke yake inaweza kula akiba yote ya chapati. Maoni yangu ni kwamba katika Septemba haihitajiki. Tulifika langoni kama saa nzima kabla ya kufunguliwa, tukaenda moja kwa moja kwenye michezo yenye foleni ndefu, na kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumepanda ile ambayo wengine waliingojea kwa zaidi ya saa moja mchana. Njia ya pili ni kujiunga na foleni dakika chache kabla ya bustani kufungwa, kwa kuwa aliyekwisha kuingia kwenye foleni huhudumiwa. Katika wiki ya Krismasi, hata hivyo, nisingemlaumu anayelipa.

Wenye watoto wadogo waulize habari za Rider Switch, utaratibu wa bure wa kupokezana. Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, inataka urefu wa sentimita 112, na kitinda mimba wetu yu mbali na hapo. Mimi nilipanga foleni na watoto wakubwa, mke wangu akabaki kivulini na mama yake na mdogo, na tuliposhuka yeye aliingia kwa njia ya haraka bila kupanga foleni upya, akimchukua binti yetu mkubwa, ambaye kwa hiyo alipanda mara mbili. Wapimeni watoto nyumbani kabla ya safari, wakiwa na viatu watakavyovaa, kwa sababu kilio cha mtoto aliyepungukiwa na sentimita mbili hakitulizwi ila kwa kuingia duka la vikaragosi.

Animal Kingdom inastahili neno la pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Ina mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao wabunifu wake waliuchora kwa kuangalia miji ya pwani yetu, Lamu ikiwemo, wenye kuta za chokaa zilizobabuka kwa ustadi na mabango ya Kiswahili. Safari ya magari ya Kilimanjaro Safaris huchukua kama dakika 20. Mama mkwe aliitazama mandhari kwa utulivu, akaniambia, “Mwanangu, twiga hawa si nawaona bure nikipita Mikumi na basi?” Sikuwa na jibu. Kinachotoka bure huko ni kupanda basi la Disney kutoka bustani hiyo hadi hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ambayo bei ya chumba chake haituhusu, lakini pundamilia na twiga wake hutazamwa kutoka viwanja vya nyuma na yeyote aliyefika.

Mengine ni madogo. Mvua ya alasiri haikwepeki, hivyo makoti ya plastiki ya dola moja na ushee yanunuliwe kabla. Kigari cha mtoto kitoke nyumbani. Wapiga picha wa Disney, ukiwaomba, hukupiga kwa simu yako bila malipo, hivyo kifurushi cha picha si lazima. Disney Springs haina kiingilio wala ada ya maegesho, nasi tuliifanya kuwa siku ya kupumzika.

Kwa anayepanga kutoka Dar es Salaam au Nairobi, haya yote yana maana endapo tayari anakuja Marekani kuona ndugu, kwa kuwa ada ya viza na nauli ya familia huzidi chochote nilichokitaja hapa. Na anayelazimika kuacha bustani moja ili kupunguza gharama, akiwa na watoto walio chini ya sentimita 97, aiache Hollywood Studios: michezo yake mingi mikubwa inawataka warefu zaidi, na tiketi yake haina nafuu kwa ajili hiyo.