Kikaratasi kilisema 50, 50, 50, 50. Hedi yenyewe ikasema vingine

Nilijiambia sitaandika nikiwa na hasira, ila imepita kama miezi miwili na hasira ziko palepale, so acha niandike tu.

Injini ni ya Volkswagen 1600, ile ya kupozwa na upepo, nafanya ovahoo. Nikapeleka hedi zote mbili (vifuniko vya juu ya silinda, vyenye valvu na plagi) kwa fundi mmoja wa kuchonga hedi (simtaji) akate siti, yaani pale valvu inapokalia kuziba, asage valvu, achomelee ufa uliokuwa kati ya siti na tundu la plagi, na kubwa kuliko yote anisawazishie chemba zote nne, yaani uwazi ambamo mafuta huwaka, ziwe na ujazo mmoja. Hilo la mwisho nilimrudia mara tatu. Akanirudishia na kikaratasi cha ujazo kwa cc (sentimita za ujazo): 50, 50, 50, 50. Jamani. Hedi za kumiminwa, zimeshachongwa na kuchomelewa, zote nne zitoke namba moja bila hata nukta? Hapo ndo nikaanza kunusa.

Nikapima mwenyewe nyumbani. Kibao cha plastiki angavu chenye tundu, grisi kidogo kuzunguka, plagi imefungwa, hedi nimeilaza sawa, mafuta ya taa yanashuka kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kupimia wenye alama za cc. Ya kwanza 50.2, ya pili 50.4, ya nne 50.1. Ya tatu, mafuta yamefika juu na bureti inasoma 46! Nikafungua, nikamulika tochi: tuta la welding limekaa pembeni ya tundu la plagi kama jipu, halijaguswa na kijiwe wala msasa. Yaani alichomelea akaacha hivyohivyo, namba akazitoa kichwani.

Na msiniambie cc chache si kitu. Silinda moja ya injini hii ina kama cc 396, pistoni ikiishia milimita 1 chini ya mdomo wa bareli (silinda) ya kipenyo cha milimita 85.5 unaongeza kama cc 5.7, piga hesabu: chemba ya 50 inakupa kompresheni (mara ngapi hewa inabanwa) ya 8.1 hivi, ya 46 inapanda mpaka 8.7. Halafu iko wapi? Namba 3! Ileile ambayo kwenye injini za zamani kipoza oili kimeizibia upepo, inachemka kuliko wenzake. Ndo hiyo umpe kompresheni ya ziada, igonge, yaani mafuta yalipuke ovyo ndani, mpaka itoboe pistoni.

Nikarudi kwake. Hata kichwa hakuinua kwenye simu. "Bosi, hizi injini zimetembea miaka yote hakuna mtu anayezipimia mafuta ya taa, wewe umeanza lini?" Nikamwonyesha tuta. Akaniita injinia, injinia wa bomba la sindano, wateja wakacheka, na wala sikutumia sindano, ni bureti! Kilichoniuma ni kile kicheko kuliko hata hedi. Nikabeba vyangu nikaondoka.

Sasa niseme ukweli, maana nisiposema nitakuwa kama yeye. Niliporudia kupima nikaona kipovu cha hewa kimejibana chini ya plastiki. Nikainamisha hedi kikatoka, bureti ikasoma 47.4. Kwa hiyo ile 46 niliyokuwa nampigia kelele haikuwa sahihi, kosa langu. Ila 47.4 bado si 50, na tuta bado ni tuta.

Nikalisaga mwenyewe jioni mbili, kidogo kidogo, nasaga napima nasaga napima, valvu za zamani nimeziacha ndani zilinde siti, mpaka 50.1. Zote nne sasa zimo ndani ya nusu cc.

Mwanzoni nilitaka kumpa nyota moja, tena ya kulazimishwa. Shida ni valvu zake. Nilifunga zile mpya, nikaacha mafuta ya taa kwenye chemba usiku kucha, asubuhi kwenye tundu la egzosi hata unyevu hamna. Siti amekata vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumpa kazi, na ule ufa haujarudi. Kwa siti nampa tano. Kwa kupima hana hata nusu, na mdomo wake ndo kabisa.

Nina hedi nyingine zinasubiri siti. Nadhani nitampelekea yeye tu, na bureti nitaenda nayo, niiweke mezani kwake kabla hajafungua mdomo.