Jimny mbili, mawe yale yale: uzoefu wangu wa manuali na otomatiki

Kwa miaka mitatu nimeendesha Suzuki Jimny Sierra, gari ndogo ya fowili, ya manuali hapa Dar, na muda wote huo niliamini kwamba mtu anayepeleka otomatiki kwenye mawe anaitafutia gari yake kifo. Udereva nilifundishwa na baba, kwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, gia tano za mkono, na sheria yake ilikuwa moja: njia ikiwa mbaya, gia uchague mwenyewe. Mwezi wa saba nilipanda mlima na imani hiyo, nikashuka sina uhakika nayo tena. Wanaoniulizia ipi wachukue wamekuwa wengi, basi naeleza yote hapa.

Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua Jimny Sierra kama yangu, ila otomatiki ya gia nne. Umbo ni lile lililotoka mwaka 2018, injini ileile ya K15B ya lita 1.5, tairi zilezile za 195/80 R15, na tumbo la gari liko juu ya ardhi milimita 210 zilezile. Zangu ni gia tano za mkono, zake nne za kujibadilisha zenyewe. Kulinganisha gia boksi kwa haki namna hii ni bahati, maana watu wengi wanalinganisha Prado otomatiki na pikapu manuali halafu wanasema gia ndiyo imeleta tofauti.

Dar yenyewe haina mawe ya kupanda. Kigamboni ni mchanga, na vilima vya Pugu ni udongo wa kaolini, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, lakini huo ni mtihani mwingine. Tukaenda Morogoro, kilomita 190 na ushee, tukalala mjini, alfajiri tukaingia njia ya Morningside kwenye milima ya Uluguru. Tulipofika mahali lami imekwisha tukapunguza upepo wa tairi hadi psi 18, tukaweka 4L, yaani fowili ya chini, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu, tukaanza. Mimi mbele, shem nyuma.

Mwanzo manuali ilinipa raha yote ninayoipenda. Gia ya kwanza, miguu nimeitoa kwenye pedali, gari inajivuta yenyewe juu ya mawe madogo kama kobe. Nitaweka hesabu hapa kwa sababu ndiyo inaeleza yaliyofuata. Gia ya kwanza ya manuali ni 4.425, fowili ya chini ni 2.002, difu ni 4.090. Ukizidisha unapata 36, yaani injini inazunguka mara 36 tairi ikizunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika gari inakwenda kilomita 3.6 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea. Ya shem ni 2.875 mara 2.002 mara 4.300, karibu 25. Kwa karatasi, manuali imeshinda kabla hatujatoka nyumbani.

Halafu tukafika kwenye kona yenye ngazi ya jiwe, kimo chake karibu nusu tairi, na juu yake kuna jiwe la pili lililokaa upande. Hapo huwezi kupita kwa mwendo mmoja. Unapanda kidogo, unasimama, unaangalia tairi ya nyuma imekaa wapi, unaanza tena. Na kuanza tena ndiko kulikonitesa. Injini ya lita 1.5 ya petroli haina nguvu chini. Ukiachia klachi kwenye mizunguko 1,000 huku tairi imeegemea ukuta wa jiwe, inazima. Kwa hiyo nikaongeza mafuta nikashika nusu klachi. Gari ikatetemeka, tairi ya mbele ikapanda robo, nikahisi inateleza, nikakanyaga breki, ikazima. Kifaa cha kuzuia gari isirudi mlimani kinashika kama sekunde mbili tu, na sekunde mbili ni chache mguu wa kushoto unapotetemeka. Tukarudi nyuma karibu hatua moja, kulia kwangu bonde.

Walikuwepo vijana wanashuka na mikungu ya ndizi. Mmoja akaweka mzigo wake chini, akasimama mbele ya gari. "Dada, kata kushoto! Kushoto tena! Haya, subiri... twende!" Jaribio la tatu ikapanda. Lakini harufu ilishaingia ndani, ile harufu ya klachi kama kitambaa cha sufi kimeachwa kwenye pasi. Nilipofika mahali tambarare nikazima, nikakaa dakika kumi na tano mlango wazi. Harufu hiyo ni onyo la klachi, si la kupuuza.

Kisha shem. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta, kijiti kwenye L, gia ya chini kabisa. Akaongeza mafuta kidogo huku breki imeshikwa, gari ikakaza kama mtu anayevuta pumzi, akaachia breki taratibu. Tairi ikapanda lile jiwe bila kuruka. Katikati akasimama, akafungua kioo, akaniuliza, "Shem, nyuma kuna nafasi?" Nikamwambia ipo. Akaendelea palepale aliposimama. Hakurudi nyuma hata kidole kimoja. Nilisimama pale na chupa yangu ya maji nikijua kwamba jambo nililobishia miaka mitatu limeisha.

Sababu yake iko kwenye toki konveta. Otomatiki kama ya shem haianzi mwendo kwa pleti ya klachi inayosuguana kati ya injini na gia boksi. Kuna mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja linazungushwa na injini, la pili linasukumwa na oili hiyo. Gari ikiwa imesimama na injini inasukuma, toki konveta nyingi huongeza nguvu karibu mara mbili. Kwa hiyo ile 25 ya shem, pale pale inapohitajika, inafanya kazi kama karibu 50. Na msuguano unaounguza klachi yangu, kwake ni joto la oili tu. Joto hilo nalo si la kupuuza, nitarudi kwalo.

Kushuka, mambo yaligeuka. Gia ya kwanza, 4L, nikatoa miguu yote miwili, injini ikaishika gari mpaka chini. Sijui kama kuna raha kubwa zaidi ya hiyo kwenye gari ndogo. Shem kwenye L alikuwa anakimbia kuliko alivyotaka, kwa sababu oili ile inayosaidia kupanda haishiki sawasawa wakati wa kushuka. Alikanyaga breki mfululizo, na dramu za nyuma zilianza kutoa harufu. Baadaye akakumbuka kitufe cha kushukia mlima, akakibonyeza, mfumo ukaanza kukamata breki wenyewe, tairi moja moja, na mlio wa kra-kra-kra chini ya boneti. Ilimsaidia sana. Lakini breki ni breki. Mteremko ukiwa mrefu, mimi bado ningependa injini inishike.

Kwa hiyo mtu anayesema otomatiki ni bora kwenye mawe, mwulize gari gani na namba zake ngapi. Jeep Wrangler Rubicon ya kizazi cha JL, inayobeba jina la ile njia ya mawe ya California, yenye injini ya lita 3.6, kwa hesabu ileile ya gia ya kwanza mara fowili ya chini mara difu, manuali yake inafika karibu 84 na otomatiki karibu 77. Kwenye 84 hushiki nusu klachi, unaachia mguu na gari inapanda ukuta. Jimny ya kiwandani yenye 36 haifiki huko, na ndiyo maana kwenye Jimny otomatiki inapanda vizuri zaidi ingawa gia yake ya kwanza ni nyepesi.

Baba nilimweleza haya yote jikoni kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia pia kwamba hata Toyota mwaka 2023 walitangaza Land Cruiser 70 yenye dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita. Akanyamaza kidogo, akasema, "Betri ikifa porini utaisukuma?" Ana haki. Manuali unaisukuma inawaka. Otomatiki betri ikifa unahitaji waya na gari ya pili, na kuivuta tairi zikiwa chini kwa umbali mrefu kunaweza kuiua gia boksi. Tangu siku hiyo nabeba betri ndogo ya kuamshia gari.

Suala la mafundi litakugusa kuliko mawe. Klachi, ukienda asubuhi na pleti yako kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, jioni unarudi nyumbani na gari. Otomatiki si hivyo. Shem aliipeleka gari yake kwenye gereji moja wambadilishie oili ya gia boksi, wakaweka aina waliyokuwa nayo dukani badala ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wiki ya pili gia ikawa inapiga teke ikitoka ya kwanza kwenda ya pili. Ilibidi oili yote imwagwe na kubadilishwa mara mbili ndipo ikatulia, na fedha za kazi ile ya kwanza hazikurudi. Mimi sasa (ndiyo, nami nina otomatiki, nitafika hapo) nanunua oili mwenyewe, nasimama pale inapomiminwa, na naivuta stiki niitazame. Ikiwa nyekundu safi, sawa. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, hapo joto limeshafanya kazi yake. Baada ya kila safari ya mawe naikagua, na kwa gari inayopanda mara kwa mara ningefunga rejeta ndogo ya oili ya gia boksi.

Halafu kuna jambo ambalo sikulipa uzito kabla ya kununua gari yangu ya kwanza. Naishi Tabata. Mawe naenda mara nne au tano kwa mwaka, kwenye foleni ya barabara ya Mandela nakaa kila siku asubuhi na jioni. Goti langu la kushoto linajua hesabu hiyo. Ningekuwa naishi Mgeta, kule juu Uluguru, na kila siku ni kushuka na mzigo, ningebaki na manuali bila kufikiri mara mbili.

Nimechukua otomatiki. Ya manuali niliiuza mwezi uliopita kwa kaka mmoja anayefanya kazi Mahenge. Nilimwambia wazi kwamba klachi ilipata joto mlimani, nikampunguzia bei ya pleti mpya. Hakubisha. Akaomba funguo, akaiwasha, akaweka gia ya tatu hendibreki ikiwa juu, akaachia klachi polepole. Injini ikazima papo hapo, ishara kwamba klachi bado inashika. Akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya gia boksi, akanusa.

"Dada," akasema huko chini, "hii bado ina safari."