TAHADHARI: Kiti kinachogeuka ngazi, anakiuza London kama cha 1811

Jamani, yule muuza vitu vya kale bandia, aliyewahi kutuletea meza ya karata, amerudi, na safari hii ana kiti. Kiti cha mikono cha mahogani, miguu imepinda kama jambia, ukikilaza mgongo mbele kinakuwa ngazi ya vidato vinne ya kufikia rafu za vitabu. Viti hivyo vipo kweli. Morgan & Sanders wa Catherine Street, London, walivitengeneza, na mwaka 1811 vilitangazwa. Ndiyo maana watu tunaamini!

Angalieni anavyofanya. Anafungua komeo, anashika mgongo kwa mkono mmoja, anaulaza taratibu hadi unagusa sakafu bila kishindo. Anapanda mpaka kidato cha juu, anasimama hapo anatabasamu. Kisha anakipindua mkaone chini: mbao nyeusi, vumbi la miaka, alama za randa ya mkono. Na mbao ni za zamani kweli, hapo ndipo anapowakamata hata mafundi.

Mwizi huyu anachukua kiti cha zamani cha kawaida, anakipasua kwa msumeno, anakitia vidato. Kiti halali huundwa nusu mbili tangu mwanzo, kila nusu na fremu yake na viungo vyake vya ulimi na tundu. Hiki chake mbao za kikalio zimekatwa tu, na skrubu za bawaba zimezamishwa kwenye kichwa cha mbao, zikifuata nyuzi. Skrubu haishiki hapo. Kila anayepanda anailegeza kidogo, mpaka siku inachomoka na mtu yuko juu karibu mita moja. Huu si wizi tu, ni kuvunja watu viuno!

Chomoeni skrubu moja kabla hamjatoa hata senti. Ya 1811 ina ncha butu. Yenye ncha kali ni ya miongo kadhaa baadaye. Ukingo wa juu wa mgongo lazima uwe na mikwaruzo, maana ndio unaosimama sakafuni. Chake ni laini kama kioo. Na chake kinanuka vanishi mpya kwenye mkato.

Arudishe pesa za kila mtu, na asipewe tena meza kwenye soko lolote la vitu vya kale. Sheria ya Udanganyifu ya Uingereza ya 2006 inafika kifungo cha miaka 10. Mwenye risiti yake aipeleke polisi wiki hii.