CASA ya Marekani: watetezi wa kujitolea wa watoto mahakamani, uzuri na kasoro zake

Huduma ya CASA (Court Appointed Special Advocates, yaani watetezi maalumu walioteuliwa na mahakama) ilianzia Seattle mwaka 1977. Jaji David Soukup alikuwa akiamua hatima ya watoto waliodhulumiwa au kutelekezwa kwa taarifa nusunusu, akaomba raia wa kawaida wajitolee kumchunguzia. Nguvu yake bado iko palepale: ofisa ustawi wa jamii huelemewa na majalada, mtetezi wa CASA hushika moja au mawili.

Mwombaji husailiwa, rekodi zake za jinai hukaguliwa, kisha hufunzwa kwa saa 30 kabla ya kula kiapo. Hatoki hapo mwanasheria, wala haikusudiwi. Kinachomfungulia milango ya shule na hospitali ni amri ya jaji. Akienda bila nakala, atarudishwa mapokezini, na ni haki yao.

Kila mwezi humwona mtoto ana kwa ana, huzungumza na walimu, walezi, wazazi na madaktari, kisha huandika ripoti. Hapa ndipo wengi huteleza. “Mama hajali” haimsaidii jaji hata kidogo. “Mama alikosa ziara tatu kati ya nne za kumwona mtoto, mbili ziligongana na zamu yake ya kazi” inamsaidia, kwa sababu tatizo la zamu lina dawa. Ripoti nzuri hutenganisha alichokiona mtetezi, alichoambiwa na anachopendekeza. Ikichelewa, mawakili hukosa muda wa kuipitia, na pingamizi huanzia hapo.

Kalenda nayo haina huruma. Kwa sheria ya shirikisho ya 1997, mtoto akikaa kwenye malezi ya muda, nje ya kwao, miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo hutakiwa kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa pawepo sababu maalumu, mathalani anaishi na jamaa. Mzazi aliyeagizwa tiba ya ulevi lakini bado yumo kwenye foleni anaumia bure mtetezi asipoliandika hilo mapema.

Kasoro kubwa: mtetezi husimamia anachoona kina manufaa kwa mtoto, na huenda mtoto mwenyewe anataka kingine. Kijana wa miaka 15 anahitaji pia wakili wa kumsemea matakwa yake. Tena wapo wanaoacha kesi katikati, wakamwongezea mtoto mtu mzima mwingine aliyetoweka.

Kabla ya kujiunga, uliza msimamizi ana watetezi wangapi. Wakizidi 30, usitarajie ripoti yako isomwe kwa makini kabla ya kufika kwa jaji.