Chati za misimu yetu: kaskazi, masika, kusi na vuli ukutani

Walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Mombasa, hizi chati lazima niwaambie. Miaka yote nimekua nikinunua zile za madukani zenye misimu ya Uingereza, majani mekundu na mtu wa theluji, watoto wanaona picha nzuri basi, ukiwapa insha ya siku ya mvua ukuta hauwasaidii hata neno moja. Mwaka huu mama mmoja mwenye kiduka cha kuchapisha kule Majengo akaniambia yeye hutengeza seti ya misimu ya huku kwetu, chati nne kubwa na kadi za maneno, zote zishalaminetiwa, shilingi 2,400. Nikachukua.

Utamu wake uko kwenye kadi. Chini ya kila chati kuna mifuko ya plastiki, wa majina, wa vitenzi, wa tanakali na tashbihi, na kadi ya "wimbi" ukiigeuza nyuma ina "mawimbi", kwahivo mtoto akikwama kwenye wingi anageuza mwenyewe hanisubiri mimi. Ya masika ndo imenimaliza kabisa: ngurumo, radi, rasharasha, manyunyu, giza totoro, lowa chepechepe, na juu kabisa dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto anainuka anachukua kadi tatu anarudi kuandika.

Nina kijana mmoja wa Gredi 4 kwao ni wavuvi, insha zake zilikua mistari minne tu. Mwezi wa sita nikapandisha ile ya kusi, bahari chafu, ngalawa zimevutwa mchangani, samaki adimu sokoni, akaandika ukurasa mzima vile babu yake hushinda nyumbani akitengeza nyavu akingoja bahari itulie, na maneno "bamvua" (maji yakijaa na kupwa sana) na "maji mafu" (yakijaa na kupwa kidogo tu) akayaleta yeye, kwenye chati hayakuepo! Seti inakuja na kadi tupu, nikampa mbili akaandika kwa mkono wake zikaingia mfukoni na wenzake sasa wanazitumia. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikampigia yule mama simu.

Kaskazi pia iko sawa, jua la utosi, jasho, maembe ya ngowe na boribo, na kuna picha ya majahazi ya zamani yaliyokua yakija na upepo huo kutoka Arabuni na Bara Hindi halafu yakirudi na kusi, hiyo inabeba hata somo la Jamii.

Ya vuli sikuipenda sana, picha ni kama ya masika imerudiwa na maneno ni machache. Tena plastiki yake inang'aa, ukiiweka mkabala na dirisha wa nyuma hawaoni kitu. Na selotepu usijaribu, kwa joto na unyevu wetu huu kufikia Jumatano chati iko chini, mimi nimetoboa tundu nikatundika kwa kamba.

Jambo moja jamani, msizitundike zote nne kwa mpigo. Weka ya msimu ulioko nje, mtoto aangalie dirishani kisha aangalie ukutani. Yule mama nishamwambia ya vuli airekebishe, amesema mwezi wa tisa itakua tayari na mimi nishalipia yangu.