Kompresa ya AC imekufa na bajeti ni ndogo: ununue nini kabla ya mkanda mfupi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana. Kompresa ilikwama, muuza spea akatoa mkanda mfupi, fundi akairuka kompresa, injini ikawaka na kila mtu akaenda zake. Baada ya muda mkanda unapiga mluzi kila asubuhi, taa ya betri inawaka na kuzima, kipimo cha joto kinapanda. Mwenye gari anaambiwa alteneta, inayochaji betri, imekufa, anunue nyingine. Alteneta ni nzima. Mkanda ndio hauishiki.

Puli ya kompresa haizungushi kompresa tu. Ndiyo inayoupinda mkanda ukazikumbatia vizuri puli za jirani. Ukiiondoa, mkanda unakata njia ya mkato, na alteneta, yenye puli ndogo na mzigo mkubwa, inabaki imeguswa upande tu. Hapo mkanda unateleza, unapata moto, mistari yake inakauka na kung'aa, kisha unateleza zaidi. Na kuna baya kuliko hilo. Puli iliyokuwa ikizungushwa na upande wa mistari, njia mpya ikiiletea mgongo wa mkanda, inazunguka kinyume. Ikiwa puli hiyo ni ya pampu ya maji, injini itachemka hata kama rejeta imejaa. Muuzaji hakuambii hayo. Kwake mkanda ukishaingia, biashara imekwisha.

Kwa hiyo mimi napanga kwa swali moja tu: je, mkanda unabaki kwenye njia yake ya asili?

Kwanza fungua boneti uangalie. Kama AC ina mkanda wake peke yake, utoe na usinunue chochote. Kama kompresa ina klachi, yaani kiunganishi cha umeme kinachoiunganisha na puli AC ikiwashwa, na puli yake inazunguka laini kwa mkono, chomoa waya wa klachi uendeshe gari lako. Kompresa nyingi za siku hizi hazina klachi, hizo zinazunguka muda wote, hivyo ujanja huu hauzifai. Na hybrid yenye kompresa ya umeme usiiguse: haitumii mkanda, na nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua.

Nafasi ya kwanza naipa beringi ya puli, na ninataka ya chapa ya NSK. Zima injini, toa mkanda, izungushe puli kwa vidole. Ikikwaruza au kucheza huku na huku, kilichokufa huenda ni beringi peke yake, na mara nyingi inabadilishwa bila kufungua mfumo wa gesi. Soma namba ubavuni mwa ile ya zamani. 35BD5220, kwa mfano, ni tundu la milimita 35, kipenyo cha nje 52, unene 20. Hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi kuliko popote. Utaambiwa beringi haiuzwi peke yake, klachi haiuzwi peke yake, chukua kompresa nzima. Mtu aliyekuja kutafuta kitu kinachoenea kiganjani anaondoka na deni. Beringi zinauzwa kwa namba. Nenda kwa wauza beringi, usibembeleze wauza kompresa.

Ya pili ni puli ya baipasi, inayofungwa mahali pa kompresa. Dorman ndiyo chaguo langu, ingawa puli zake nyingi ni za magari ya Kimarekani, hivyo ulizia kwa modeli na injini. Mkanda unabaki uleule na njia ileile, na hiyo ndiyo thamani yake. Bei yake hainifurahishi, kwa kitu ambacho ni gurudumu, beringi na kishikio. Kabla ya kulipa izungushe na uitazame kwa ubavu: ikiyumba, irudishe. Kompresa ikitoka, gesi ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Kilo moja ya R-134a, gesi ya AC nyingi, inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, na ikikurukia inaunguza ngozi kwa baridi. Midomo ya mipira ya gesi izibwe siku hiyohiyo.

Puli zisizo na jina na kompresa za mtumba siwezi kuzipendekeza. Beringi yake huijui imetoka wapi, na ikikwama inakata mkanda uleule unaozungusha pampu ya maji.

Mkanda mfupi ni wa mwisho, na ukilazimika chukua Gates. Pitisha kamba isiyovutika kwenye puli zote isipokuwa ya kompresa, tenshena (puli inayokaza mkanda) ikiwa katikati ya mwendo wake, kisha pima. 6PK1230 maana yake mistari 6 na urefu wa milimita 1,230; idadi ya mistari isibadilike. Kagua kila puli inazunguka upande wake wa zamani. Muuzaji anayekadiria kwa macho na kusema "utaingia tu", mwachie mkanda wake.

Ukisikia mluzi baada ya kufunga, nyunyiza maji kidogo upande wa mistari injini ikiwa inaunguruma, mikono na nguo mbali na mkanda. Kelele ikitulia kisha ikarudi, puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda unateleza, na hapo hela iliyobaki iweke kwenye puli ya baipasi, si kwenye alteneta.