Nagona kwa msomaji mgumu

Aliyezoea riwaya ya Rosa Mistika (1971) akifungua Nagona (1990), riwaya ya mwandishi yuleyule, Euphrase Kezilahabi, huduwaa. Kitabu ni chembamba lakini hakisomeki haraka. Kosa la kawaida ni kutafuta kisa: nani kamfanyia nani nini, na wapi. Hapa wakati haufuati kalenda, na wanafalsafa waliokufa zamani wanajitokeza. Anayesubiri kuelezwa huchoka mapema na kukirudisha rafuni.

Soma sura moja kwa mkao mmoja, bila kamusi, kama unayesimuliwa ndoto. Kisha irudie ukiwa na penseli, upigie mstari vinavyojirudia: paa (yule mnyama), duara, ngoma. Utamu wote uko hapo, maana picha hizo ndizo zinazobeba kazi ya ploti, yaani msuko wa matukio. Paa anayewindwa msome kama ukweli unaoponyoka, na kurasa zilizokuwa fumbo zitaanza kushikana.

Lugha yenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni mantiki. Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, usianze nayo. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, Nagona ni mapema mno. Wa kidato cha tano, akiwa na mwenzake wa kubishana naye, inamfaa sana.